Mkono Uliozoea Kugeuza

Mjomba wangu alikuwa mtunza maabara wa shule yetu kwa miaka ishirini na tisa, na miaka yote hiyo hakuna ua lililothubutu kupinda mbele yake. Kila asubuhi, kabla hajavua koti, alipita madirishani akigeuza kila kopo la maua robo mzunguko. Alianza ofisi ya mwalimu mkuu, akaja maktaba, akamalizia maabara, na mchana kutwa kila alipopita tena alirudia. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mkewe alisema haketi karibu na dirisha, asije akageuzwa na yeye.

Ukimuuliza sababu, umejitakia. Mmea unaujua mwanga, alisema, na jicho lake liko kwenye ncha. Ncha ikiona mwanga unatokea upande mmoja, hupeleka habari chini, basi upande wa kivulini hurefuka haraka kuliko ule wa mwangani, na shingo ikapinda kuelekea dirishani. Mizizi ndiyo huwa na tabia ya kuukimbia. Sekondari hakuimaliza, haya aliyaokota kwa kusimama nyuma ya darasa mwaka nenda mwaka rudi, walimu wakija na kuondoka. Nimefundishwa na wengi wenye vyeti vya kujaza ukuta, lakini aliyenielewesha ni yeye.

Mwaka wangu wa kumaliza, mtihani wa vitendo wa biolojia ukaangukia jambo hilo hilo la mmea na mwanga. Mjomba alitakiwa kuotesha mahindi katika makopo thelathini na moja, kila mtahiniwa na kopo lake, miche miwili kila kopo. Mmoja uvikwe kofia ya karatasi ya fedha kwenye ncha, mwenzake uachwe wazi. Makopo yakae dirishani siku tatu, mwanga uingie upande mmoja tu. Wa wazi ungepinda, wa kofia ungebaki wima, nasi tungeeleza kwa nini. Karatasi aliiomba kwa mlinzi, ile ya ndani ya pakiti za sigara, na kofia zote akazikata mwenyewe, ndogo kama ukucha wa mtoto.

Siku ya mtihani, saa mbili asubuhi, mwalimu wa biolojia aliingia maabara akakuta miche yote imesimama wima kama askari wa gwaride, yenye kofia na isiyo na kofia. Mjomba aliitazama, kisha akaitazama mikono yake. Siku tatu mfululizo alikuwa ameyageuza makopo yale pamoja na maua mengine, bila hata kufikiri. Mazoea yana taabu.

Mwalimu alishika kichwa. Alitaka waipinde kwa uzi. Mjomba alikataa katakata. Alisema mche wa kupindwa kwa mkono hautamfundisha mtu kitu. Mtihani ulikuwa saa nane mchana, na mche mchanga ukipata mwanga wa upande mmoja huinama ndani ya nusu siku. Akafunga mapazia yote akaacha dirisha moja, akayapanga makopo, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: akamkabidhi mwalimu ufunguo wa maabara.

"Kaa nao wewe," alisema. "Nikibaki humu nitayagusa tu."

Mwalimu aliupokea, akamwonya asimwambie mtu. Kwenye fomu ya maandalizi, pale penye nafasi ya maelezo, paachwe patupu. Mjomba alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Ya nini kujitia doa mlangoni? Haya yote niliyajua baadaye.

Saa nane tuliingia. Miche ilikuwa imeinama, Mungu ni mwema, na darasa zima likainamisha vichwa kuandika. Wangu haukuinama. Mche wangu wa wazi ulikuwa umeshatoa jani na kukomaa shingo, hauwezi tena kupinda kwa saa chache, ukasimama wima sawasawa na mwenzake wa kofia. Ningeweza kuchora mche uliopinda kama wa jirani, nani angejua? Lakini sababu yake niliijua. Asubuhi zile tatu, nikienda darasani, nilimwona mjomba kupitia kioo akigeuza makopo, wala sikutilia maanani. Jibu sahihi lilikuwa hilo, na jibu hilo lilikuwa linamtaja yeye.

Alipita nyuma yangu akigawa rula. Aliliona kopo langu, najua aliliona, maana alisita. Kisha akaendelea na meza inayofuata kama vile mimi si mtoto wa dada yake.

Nikaandika. Nikachora miche miwili wima, nikaeleza kwamba kopo lilikuwa likigeuzwa mara kwa mara siku zile tatu, ncha ikapata mwanga pande zote kwa zamu, hivyo hapakuwa na upande wa kurefuka zaidi. Nilikabidhi karatasi, na njiani kwenda nyumbani nililia waziwazi. Nilijiona nimemuuza mtu aliyenifundisha kila kitu.

Jioni nilimkuta barazani amevua viatu. Nikamwambia yote, na kwamba anisamehe.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nilikumbuka kuandika siku ngapi. Nikasema tatu.

"Vizuri," akasema. "Na mimi kwenye fomu nimeandika tatu, nikatia sahihi. Ungechora uliopinda, mama, mmoja wetu angeonekana mwongo, na asingekuwa mimi."