Sahani ya Pilau Niliyoiacha Mezani

Wasomaji, kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu. Nimesoma hadi darasa la nne tu, na mkono wangu umezoea nyundo kuliko kalamu. Maneno mengine nayakosea, nikiyaona nayafuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi inatoboka. Lakini jambo hili nataka niliandike mwenyewe, kwa sababu wenzangu mgodini wanalisimulia kwa kucheka, na mimi naona halikuwa la kuchekwa tu.

Mimi ni Mkonongo, nimezaliwa upande wa Inyonga. Nilikuja Mpanda reli ikiwa bado mpya, nikapata kazi ya kugonga na kuchambua mawe yenye madini. Mchana kutwa sote tunafanana, wa kijivu kuanzia nywele hadi kucha. Lakini Jumamosi jioni ungetuona usingetujua. Mtu aliyekuwa kijivu saa sita, saa moja amevaa suruali pana iliyopigwa pasi, shati jeupe, viatu vya rangi mbili, na nywele amezichana njia upande mmoja. Wote wanaelekea mahali pamoja, hoteli iliyo karibu na stesheni.

Mwenye hoteli ile ni mtu wa Tabora aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi. Alirudi bara akisema watu wa Mpanda nao wanastahili mahali pa kwenda wakiwa wamependeza. Akapaka kuta buluu chini na nyeupe juu, akatundika vioo viwili virefu, akaweka meza zenye vitambaa vya maua na taa nne za karabai za kuning'inia. Siku za kawaida kuna gramafoni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wapiga magitaa wanakuja kwa treni kutoka Tabora, na meza za katikati zinasogezwa watu wapate pa kucheza rumba. Wanaotoka pwani wanasema Kariakoo zipo hoteli za namna hii, nyingine kubwa zaidi. Mimi sijafika. Kwangu hii ilitosha kabisa.

Nilikuwa nakaa meza ya pembeni na rafiki yangu mmoja tunayelala naye chumba kimoja, mtu wa Ugalla, mwenye maneno mengi kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Sichezi dansi. Naagiza chai na chapati, nasikiliza magitaa, natazama watu kwenye kioo, maana kuwatazama usoni naona haya. Na zaidi ya wote nilikuwa namtazama msichana anayepeleka vyakula mezani.

Alikuwa mtoto wa mpishi. Mama yake, mjane wa kwetu Inyonga, ndiye aliyepika kila kitu kilicholiwa mle ndani, pilau, mchuzi wa migebuka, samaki wa ziwani, sambusa, lakini haonekani. Yeye ni wa jikoni, nyuma ya pazia. Binti ndiye wa mbele, anatembea katikati ya wachezaji na sinia begani, hamwagi hata tone.

"Kaka, leo tena chai?" ananiuliza.

"Chai."

"Na kesho?"

Hapo mimi nakuwa nimeshatazama kitambaa cha meza. Rafiki yangu anajibu badala yangu: "Kesho atakunywa chai pia, dada. Huyu ana mdomo wa kunywea tu."

Mwaka mzima ulipita hivyo. Nilikuwa nimeshajipangia maneno ya kumwambia, nayasema vizuri sana njiani, nikifika mlangoni yanabaki nje.

Kisha akatokea karani wa stesheni. Mtu mtaratibu, sina ubaya naye, ana tai na anacheza rumba vizuri kuliko wote. Alikuwa anaingia mpaka jikoni, anafunua sufuria, anamtania mama wa watu, "Mama, leo pilipili umeificha wapi?" na anakula amesimama palepale mbele yake. Mwezi wa nane akawaambia watu kwamba mwezi ukiisha atatuma mshenga kwa yule mama kumposa binti. Rafiki yangu aliniletea habari hiyo nikiwa nafua.

"Unasikia, mdogo wangu? Jumamosi ijayo usiposema, utakuja kula pilau ya harusi ya mwenzako."

Jumamosi hiyo bendi ilikuja. Hoteli ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Rafiki yangu alikataa tusiagize chai. Akaagiza pilau sahani mbili, akasema mwanamume hasemi maneno makubwa akiwa na chai tumboni. Karani alikuwa meza ya jirani na wenzake wawili. Binti akaja na sahani zetu, akaniwekea yangu, akasimama kidogo.

"Leo si chai," akasema.

Nikafungua mdomo. Rafiki yangu akanikanyaga mguu chini ya meza ili nianze. Nikaingiza tonge la pilau.

Akaondoka. Nilikuwa bado natafuna kwa aibu, pazia la jikoni lilipofunguliwa, na mama yake akatoka mwenyewe na sinia, maana watu walikuwa wengi na mikono ya binti haikutosha. Akaja moja kwa moja upande wetu.

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu, kwa wale ambao si wa huku. Kwetu mtu hali mbele ya mama mkwe wake. Akimwona anakuja, anaacha chakula, anageuka au anampisha njia. Hatukufundishwa kwa maneno. Tumeona baba zetu wakichepuka porini kumpisha mama mkwe njiani, na mwili umejifunza.

Basi mwili wangu ulifanya wenyewe. Nilisukuma sahani, nikainuka, nikageukia ukuta na tonge shavuni. Kiti kikaanguka. Magitaa yalikuwa yamemaliza wimbo mmoja na hayajaanza mwingine, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Unaumwa?" rafiki yangu akauliza.

Mzee mmoja wa mgodini, Mkonongo mwenzangu, akasema kutoka mlangoni, "Haumwi huyo. Anampisha mkwe wake."

Watu wakacheka hoteli nzima. Nikamsikia karani naye, "Mkwe? Mkwe wa lini? Mbona hajatuma hata mtu?" Wakacheka tena. Nilikuwa naiona rangi ya buluu ya ukuta karibu kabisa na macho yangu. Nilijua kilichobaki ni yule mama naye acheke, aniambie kaa ule, mwanangu, na mambo yangu yawe yamekwisha.

Hakucheka. Kwenye kioo nilimwona amesimama na sinia. Kisha akaiweka kwenye meza iliyokuwa karibu, akavuta kanga yake ikafunika uso, akageuka, akarudi jikoni kwa upande, akipita mbali na meza yangu.

Vicheko vilikatika kidogo kidogo. Wa kwetu walikuwa wameelewa. Mwanamke ambaye si mkwe wako hana sababu ya kukuficha uso. Karani, ambaye mama huyu alikuwa anamtazama akila kila siku, alikaa akiikunja na kuikunjua leso yake. Mzee wa mlangoni akasema polepole, "Haya, pigeni muziki."

Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi. Binti akanifuata na sahani yangu, imefunikwa kwa sahani nyingine.

"Mama kasema umalizie huku."

"Kasema nini tena?"

"Hajasema. Kafunga dirisha la jiko la upande huu." Akakaa mwisho wa benchi. "Lakini mimi hujaniuliza."

"Naogopa."

"Mama umemuuliza mbele ya Mpanda nzima, mimi unaniogopa?"

Nikamuuliza. Maneno niliyoyapanga mwaka mzima sikuyakumbuka hata moja, nikatumia mengine. Akanifunulia sahani, akasema, "Nakubali. Sasa kula, kinapoa."

Mshenga wangu amekwenda mara mbili na amepokelewa vizuri. Tangu siku ile sijaingia tena ndani ya hoteli. Jumamosi nakula kwenye benchi, nasikia bendi kupitia ukutani, na rafiki yangu anakuja kunihadithia nani kacheza na nani. Na yule mama hatujazungumza neno. Lakini najua siku akiwa amechoka, maana chumvi inazidi, na yeye anamuuliza binti yake kama sahani imerudi tupu. Inarudi tupu kila mara.

Baada ya harusi utakuja wakati wa kuondoa mwiko huu, mimi na yeye tule meza moja. Wazee wa kwetu hawakubaliani namna ya kuuondoa, na baba yangu hayupo wa kumuuliza. Kwa hiyo nawaomba nyie wasomaji, wa upande wa Mamba, wa Tabora, hata nyie mnaokaa kwenye miji yenye hoteli kubwa, mniandikie. Hata mistari miwili inatosha. Mniambie kwenu anaanza nani kunyoosha mkono, mkwe au mama, na ni kwa chakula gani. Siku hiyo sitaki kukosea.