Fundi Makokha na Ngurumo ya Mbeke

Wacha niseme ukweli: Fundi Makokha wa Kitengela alikuwa hasikii. Miaka ishirini ya kugonga vyuma ilikuwa imemla masikio, na kufikia mwaka wa 2003 alikuwa anasoma midomo tu. Siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Mtu anakula kwa kusikiliza magari, atamwambia nani kwamba masikio yamekufa?

Basi siku moja akaja Mbeke, mama wa kuleta nyanya kutoka Illasit, na pikapu yake ya Peugeot iliyozeeka. Nyuma ilikuwa inanguruma. Mafundi wawili wa Rongai walishasema ni difu, yale meno ya katikati ya ekseli ya nyuma, wakaibadilisha, na ngurumo ikabaki pale pale.

"Twende barabarani usikie mwenyewe," Mbeke akasema.

Wakashika njia ya Isinya, Mbeke kwenye usukani. Kila alipomgeukia na kuuliza, "Umesikia?", Makokha aliitikia kwa kichwa, uso mzito kama wa daktari. "Nimesikia, mama."

Lo! Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na ng'ombe. Kundi lilikuwa linavuka lami, Mbeke akasimama na kuzima injini. Akamgeukia. "Na sasa je?"

"Sasa imezidi," akajibu Makokha.

Mbeke alicheka mpaka akaegemea usukani. Halafu akakasirika. "Ala! Kumbe wewe ni kiziwi! Nitaambia soko lote!"

Makokha aliona haya, jamani, jasho likamtoka. "Soko uliambie kesho," akasema. "Leo niachie hii gari."

Gerejini akainua nyuma kwa jeki, akazungusha gurudumu la kushoto kwa mkono mmoja, wa pili ameubandika kwenye springi. Laini. Akahamia kulia, na springi ikamtekenya kiganja kwa mtetemo. "Si difu. Ni beringi ya huku." Akaifungua, gololi zimeliwa! Akaweka mpya, na Mbeke akaenda Isinya na kurudi, gari kimya kabisa.

Hata hivyo, mama yule alitangaza kama alivyoapa. Makokha akamwambia mkewe aanze kufunga mizigo, warudi kwao Bungoma.

Asubuhi akakuta gerejini magari sita. Kumbe Mbeke alitangaza pia jinsi fundi alivyoikamata ngurumo kwa kiganja. Mzee mmoja, Githongo, alikuwa nyuma yake, anaeleza habari za Land Rover yake. Mkewe, aliyekuwa amemfuata, akamgusa bega. Makokha akageuka.

"Mzee, simama hapa mbele," akasema. "Mimi sisikii."

Githongo akasogea mbele, akaanza upya, polepole.