Kijiko cha Mawese

Mimi nimekamua mawese tangu sijaota ndevu. Ukinifunga macho ukanipa mafuta niyaonje, nitakwambia kama chikichi zake zimetoka upande wa Kigwena au hapa kwetu Rumonge, na kama mukamuzi alikuwa na haraka. Shule sikukaa. Niliondoka nikijua kuandika jina langu na kusoma taratibu, kwa hiyo haya naandika kama ninavyosema, munivumilie.

Nataka kueleza habari ya kifua cha muke wangu. Lakini kwanza mujue vigelegele vyake. Harusi za Waislamu hapa mujini zilikuwa hazianzi bila yeye. Anaweka mukono karibu na mudomo, sauti inatoka, inapanda, inazunguka, unasema sasa imekwisha, bado. Wavuvi walidai kumusikia wakiwa mbali majini. Wavuvi ni waongo, lakini hiyo niliamini. Wenzangu walioa kwa kutazama sura, mimi nilioa kwa ajili ya ile pumzi.

Korona ilipomushika ilishuka kwenye mapafu, ikawa nimonia. Alilala hospitali Bujumbura siku nyingi na mupira wa oksijeni puani. Mimi nimekatazwa kuingia, nalala kwa binti yetu anayekaa Kabezi, asubuhi naenda kusimama nje ya ukuta, jioni narudi. Siku tulipomurudisha nyumbani hakuvaa nguo, nguo ndizo zilimuvaa yeye.

Muganga wa hospitali alimupa kazi ya kufanya. Alale ameinuliwa kwa mito. Asikae kwenye moshi. Avute pumzi kwa pua, aitoe kwa midomo polepole kama mutu anayepoza uji. Apulize mupira mwembamba ndani ya chupa ya maji mpaka mapovu yatoke. Na kila asubuhi atembee, aongeze kidogo. Mwanzo alifika mulangoni akakaa. Kisha akafika barabarani, wanapopita watu wa Nyanza-Lac. Kisha siku moja akafika mwaloni kando ya ziwa, wanakoanika ndagala, wale samaki wadogo, akarudi kwa miguu yake, akanikuta nakunywa chai.

"Muzee, leo sikukaa hata mara moja."

Siku hiyo akajaribu kigelegele. Kilitoka kifupi, kama cha binti anayejifunza, kuku wakakimbia, tukacheka mpaka akakohoa.

Mujukuu wetu alikuwa ameposwa, na ndoa ingekuwa baada ya mwezi wa kufunga. Muke wangu akasema hana zawadi nyingine: bibi harusi akitolewa ndani, kigelegele cha kwanza kiwe chake. Kilichobaki kumusumbua ni kikohozi cha asubuhi tu. Na hapo ndipo mimi nikaingia.

Kwetu sisi watu wa mawese, mafuta ni dawa. Ya kidonda, ya tumbo, ya nywele, ya mutoto anayelia bila sababu. Mama yangu alikuwa na namna yake ya kutibu kifua. Mafuta mapya yapashwe kidogo. Mugonjwa alale chali, kichwa kiteremke. Kijiko kimoja nyuma ya ulimi, asimeze haraka, ayaache yateleze yenyewe, na tone moja kila pua. Ndivyo alivyonitibu mimi. Ndivyo alivyomutibu mutoto wetu wa kwanza, aliyekufa kwa kikohozi kabla hajatambaa. Tulisema ni amri ya Mungu, tukazika.

Nilichagua chikichi mwenyewe, nikakamua kwa mikono, sikutaka ya mashine. Kila alfajiri baada ya swala nilimuondolea mito, nikamulaza, nikasema bismillahi. Mara ya kwanza alikohoa mpaka machozi, nikamwambia ndiyo uchafu unatoka.

"Wewe ndiye fundi wa mafuta," akasema, na hakuuliza tena.

Kwa muganga hatukusema. Nani anamwambia muganga habari ya mafuta? Ni kama kumwambia umekunywa maji.

Pumzi ikaanza kurudi nyuma. Mwaloni hakufika. Barabarani hakufika. Homa ikaja. Tukarudi Bujumbura, wakapiga picha ya kifua, na muganga akaniita peke yangu akauliza anapewa nini nyumbani. Nikamweleza yote, tena kwa majivuno, mpaka namna ya kukamua. Alikuwa anaandika, akaweka kalamu chini.

"Muzee, hayo mafuta hayaendi yote tumboni. Mutu akilala hivyo, na kifua kimechoka, yanateremka mapafuni. Na mapafu hayajui kuosha mafuta."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilitazama shati langu. Shati la mukamuzi halirudi kuwa jeupe, ulifue kwa sabuni gani. Hilo mimi ningeweza kumufundisha yeye.

Muke wangu sikumwambia. Niliacha tu, nikamudanganya kwamba mafuta mazuri yamekosekana.

Siku ya ndoa tulimupeleka kwa gari, akakaa kwenye kiti karibu na mulango. Mujukuu akatolewa. Wanawake wote wakanyamaza wakimungoja bibi yake. Akainua mukono, mabega yakapanda, ulimi ukacheza, sauti haikutoka. Ulitoka upepo tu, kama wa mutu anayepoza uji. Akajaribu tena. Basi mwanamuke mumoja nyuma akakidaka haraka kile kigelegele, wengine wakafuata, kelele ikajaa uwanja. Yeye akashusha mukono, akauficha ndani ya mutandio, akamutabasamia bibi harusi.

Tulirudi nyumbani kabla ya alasiri. Nikamupangia mito. Pumzi ilikuwa inamukatikia katikati ya maneno.

"Ulipoacha kunipa mafuta," akasema, "ndipo kifua kikazidi kunibana. Kesho unitafutie, muzee. Hata ya sokoni."

Hapo nikamwambia. Maneno yote ya muganga, na siku zote nilizonyamaza. Nilisema nikitazama sakafu. Yeye alikuwa anavuta kwa pua, anatoa kwa midomo, kama alivyofundishwa. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari.

"Na yule mutoto wetu wa kwanza?"

Aliyemimina yale mafuta ni mama yangu. Mimi nilimushika miguu asirushe. Hilo analijua, alikuwa amesimama pale pale. Nje wakaadhini alasiri. Akanyoosha mukono akachukua chupa yake, akaweka ule mupira mudomoni. Mapovu yalitoka machache. Nikamushikia chupa.