Sinema ya Shuka na Shimo la Bi Rehema

Niseme mapema, nisije nikaumbuliwa na wengine: mimi ndiye niliyeng'oa miti ya makumbi pwani kwetu, yote kumi na mmoja. Sikuing'oa kwa ubaya. Nilikuwa na miaka tisa, akili zangu timamu, na nilikuwa na hakika kwamba nitairudisha yote, kwa sababu kila mti nilimjua mwenyewe. Na kweli nilimjua. Nilichosahau ni kwamba kujua mti ni wa nani si sawa na kujua ulikuwa umesimama wapi.

Wenzangu mliokulia pwani mmeshashika vichwa. Ninyi wengine kaeni niwaeleze.

Enzi zetu kamba haikununuliwa dukani, ya plastiki, ya kijani, inayokatika ukiifungia mbuzi. Kamba ililimwa baharini. Nazi zikishafuliwa, makumbi hayakutupwa. Mama zetu waliyajaza kwenye matenga, wakashuka nayo pwani maji yakipwa, wakachimba mashimo kwenye tope, wakayapanga humo, wakayafukia na kuyakandamiza kwa mawe. Kisha wakaenda zao. Miezi sita bahari inakuja na kuondoka juu yake, inayalainisha taratibu. Siku ya kuyafukua yanapigwa kwa rungu mpaka yanabaki nyuzi, na nyuzi hizo zinasokotwa viganjani. Hiyo ndiyo kamba iliyowamba vitanda tulivyozaliwa juu yake.

Sasa, tope la pwani halina nyumba wala mti wa mwembe wa kukuonyesha njia. Kwa hiyo kila mama alichomeka juu ya shimo lake mti wa mkoko wenye alama yake. Wa mama yangu ulikuwa na chale tatu za kisu karibu na ncha. Wa Bi Rehema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ulifungwa kitambaa chekundu kilichotoka kwenye kanga kuukuu, mafundo mawili, masikio yake yakisimama kama ya sungura. Mwingine ulichomwa kichwa ukawa mweusi kama njiti ya kiberiti. Mjukuu wangu Latifa anafanya kazi ya kubuni nembo kwa kompyuta huko Dar es Salaam. Juzi alikaa wiki mbili anatafuta alama ya duka la keki, akaniletea simu nitazame: duara, na ndani ya duara, duara. Nikamwambia, "Mwanangu, Bi Rehema angekufungia kitambaa ukaenda nyumbani kupika." Akacheka, akasema sielewi mambo ya kisasa. Ni kweli. Duara silielewi.

Turudi kwenye kosa langu. Lilianzia Tanga mjini.

Shangazi yangu aliolewa mjini, na siku moja alinichukua kwenye onyesho la sinema la wanawake peke yao, alasiri. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona mabuibui mengi namna ile mahali pamoja. Ukumbi ulinukia udi, jasho na kashata. Taa zikazimwa, Mhindi mmoja mkubwa kama nyumba akatokea ukutani, akaanza kulia, na ukumbi mzima ukalia naye. Kihindi hatukujua hata neno. Shangazi ndiye aliyenitafsiria, kwa kujiamini kabisa: "Huyo mzee baba mkwe, anakataa posa." Baadaye yule mzee akamtibu mgonjwa. "Ni baba mkwe mwenye dawa," akasema shangazi, akajifuta macho kwa ncha ya buibui.

Nilirudi kijijini, kule njia ya Tongoni, si mtu tena. Nilikuwa mtengeneza sinema. Na ujuzi nilikuwa nao, kwani nyumbani tulikuwa na kitabu. Kimoja. Hakikuwa na jalada, na kurasa nane za mwanzo zilikwenda kufungia karanga kabla sijajua kusoma, kwa hiyo hadithi ilianza mtu ameshaibiwa na wezi wameshakimbia. Nilikisoma mara nyingi, na kila mara nilijibunia mwanzo wangu. Mpaka leo, na sekondari niliyosoma, nikipata kitabu kipya nakifungulia katikati. Mwanzo wa mtu mwingine naona kama ananilazimisha. Ndani ya kitabu kile kisicho na jalada ndimo mlimokuwa na picha niliyoipenda kuliko zote: barabara ya mji wa ng'ambo, nguzo za taa zimesimama mstari mmoja, zimeachana sawasawa, hadi zinapotelea mbali. Ikumbukeni picha hiyo. Itanitia aibu sasa hivi.

Sinema yangu ilikuwa hivi. Nachukua shuka ya bafta ya mama, nyeupe, nyepesi. Naitandaza kwenye miti miwili pale pwani maji yakiwa yamepwa. Jua la alasiri linapiga kutoka upande wa mashamba, waigizaji wanasimama kati ya jua na shuka, na watazamaji wanakaa upande wa pili kutazama vivuli vyao. Miti miwili ya shuka. Miti mingine tisa ya ua, ili asiyelipa kiingilio asichungulie. Kiingilio kilikuwa kipande cha muhogo wa kuchoma. Na miti ilikuwepo palepale, imenyooka, inaningoja.

Walikuja watoto wote wa mtaa. Mimi nilikuwa baba mkwe mwenye dawa. Nililia, nikakataa posa, nikatibu wagonjwa watatu; vivuli vilitoka virefu na vizuri, watazamaji wakapiga makofi. Kasoro ilikuwa moja tu. Jua likitoka upande wa nchi kavu, mtazamaji lazima aipe bahari mgongo. Mimi mbunifu sikuliwaza hilo. Maji yakaanza kujaa kimyakimya, na katikati ya kilio changu kikubwa kabisa watazamaji wakainuka wote kwa pamoja, matako yamelowa, kila mmoja anapiga mayowe kwa sauti yake. Nikaokoa shuka, nikaokoa miti. Muhogo ulikwenda na maji.

Asubuhi maji yalipopwa tena nilishuka mapema na miti yangu kumi na mmoja kifuani. Tope lilikuwa limelainika kama uso wa uji. Si jiwe lililoonekana, si alama ya unyayo. Nikasimama hapo nikazunguka kama kuku aliyefungwa kamba. Nikakumbuka ile picha ya kitabuni. Basi nikaichomeka miti yote mstari mmoja, nikipima nafasi kwa hatua zangu, tatu, tatu, tatu. Ikapendeza! Sijapata kupanga kitu kikapendeza vile.

Bi Rehema alishuka kesho yake na jembe lake. Na hapa ndipo mambo yalipoacha kuwa ya kuchekesha, kwa sababu binti yake wa kwanza, Mwanajuma, alikuwa aolewe baada ya wiki tatu, na kwetu kitanda cha bi harusi huwambwa kwa kamba ya mkono wa mama yake. Si ya kununua, si ya kuazima. Bi Rehema alikuwa mjane, hana shamba, minazi ilikuwa ya watu. Yale makumbi aliyaokota moja moja, akayafukia tangu mahari hayajazungumzwa. Shimo lile ndilo lilikuwa zawadi yake.

Akasimama akautazama mstari wangu, mkono kiunoni.

"Enyi!" akaita. "Njooni mwone! Hii pwani au kambi ya askari?"

Wakaja akina mama. Wakatazama mstari, wakatazamana, kisha wote, bila kuulizana, wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mkoko mwembamba kuliko mimi.

"Shikamooni," nikasema.

Hakuna aliyesema marahaba. Mama yangu akanijia: "Mwanaidi, wewe kitabu kile nitakitia moto." Akanishika sikio, na sikio hilo, nawaambieni, mpaka leo ni refu kuliko mwenziwe.

Wakachimba siku nne, kila maji yalipopwa. Kila shimo lilipofunuka niliona jambo ambalo sikulijua: hawakuhitaji mti kujua kazi ya mtu. "Hili la mama Mwanaidi, ona anavyoyalaza kifudifudi." "Hili la fulani, yule mvivu, katupia tu." Kila mkono ulikuwa na mpango wake mle gizani chini ya tope, mahali ambapo hakuna wa kuutazama. Mashimo kumi yakapatikana. La Bi Rehema halikuonekana. Siku ya nne maji yaliporudi alikaa kwenye tope, akaiweka miguu yake mbele kama mtoto, akasema taratibu, "Nitampa nini mwanangu?"

Wanawake kumi walikwenda kila mmoja kwenye lundo lake, akapakata makumbi kifua kizima, akaja kuyamwaga miguuni pake. Mama yangu alimwaga mara tatu. Kisha wakaniwekea rungu mkononi.

Nilipiga makumbi siku tisa. Asiyewahi kunusa kumbi lililotoka topeni afikirie yai viza lililosahauliwa ndani ya kiatu. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa nami. Mwalimu alinipa dawati la dirishani peke yangu, akasema nitapata hewa, ingawa nadhani hewa aliitaka yeye. Bi Rehema alisokota kamba mwenyewe, yote, ili iwe ya mkono wake. Na kwa kuwa makumbi ya tope jeusi hutoa nyuzi za kahawia iliyoiva, na ya penye mchanga hutoa za dhahabu, kamba zilitoka rangi mbili tatu. Kitanda kilipowambwa kikawa na milia, wa kahawia nzito, wa kahawia nyepesi, wa dhahabu, kama kikoi. Siku ya harusi wanawake walikizunguka kabla hakijatandikwa. Wengine wakauliza kama huo ni mtindo mpya wa mjini. Msimu uliofuata wawili walichanganya makumbi yao makusudi.

Ndiyo maana najiita mbunifu, hata kama Latifa anabinua midomo.

Nyumba yangu ya uzeeni iko palepale kijijini, na mimi ni mtu wa ndani: nitoke chumbani niende barazani, nitoke barazani niende jikoni, safari imekwisha. Nina vitabu vyenye majalada. Filamu ninazo kwenye runinga ukutani, zinaonekana zaidi ya nilivyoomba. Wajukuu wanapokuja kila mmoja anatazama yake peke yake kwenye kioo chake kidogo, masikio yameziba. Hawajui raha ya kulia ukumbi mzima kwa maneno msiyoyaelewa. Vitanda ni vya dukani, havina milia, havina mkono wa mtu. Kikivunjika tunanunua kingine, wala hatujui aliyekitengeneza alikuwa akimwozesha nani. Nawaza wale wanawake kumi, nawaza vifua vyao vilivyolowa tope, najiuliza kama leo ningepoteza shimo la mtu, nani angenyanyuka kunimwagia lake miguuni.

Niliyaandika haya daftarini mpaka hapo, nikaona yamependeza. Nikayasoma kwa sauti barazani kumsomea jirani yangu. Jirani yangu ni Da Mwanajuma, bi harusi mwenyewe, sasa mjane kama mama yake, anatembelea fimbo, na macho yake mazima kuliko yangu. Alisikiliza yote, hadi wanawake kumi, hadi milia. Nikangoja anisifu, au angalau alie kidogo. Akaweka kikombe chini, akasema:

"Kitanda kilikuwa kinawasha, na mama yangu mpaka anaingia kaburini alikuwa analiuliza shimo lake. Kesho bamvua, maji yatapwa mbali: funga hicho kitabu, vaa viatu vibovu, twende ukalichimbe."