Pampu ya Kiunoni kwa Mwalimu Zainabu

Siku yangu ya kwanza kazini, Metroni wa hospitali pale Masasi hakunikabidhi mgonjwa. Alinikabidhi sufuria ya sindano za kioo nizichemshe. Enzi hizo sindano haikutupwa. Ilichemshwa ikatumika tena. Akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Isiyochemka sawasawa nitakuchoma nayo wewe," akasema. Nikacheka. Yeye hakucheka hata kidogo.

Mwanamke yule alikuwa mkali, lakini kazi aliijua. "Sindano haitaki huruma wala hasira," alizoea kutuambia. "Inataka mkono uliotulia." Manesi vijana mnaosoma haya, neno hilo lishikeni, maana mimi limenifikisha mpaka kustaafu.

Kutoka Masasi nikahamishiwa Newala, huko juu. Mganga Mkuu wa Wilaya akaniweka kliniki ya kisukari. Wagonjwa wangu wengine miili yao haikutengeneza insulini kabisa, ile dawa ya mwili wenyewe inayoipeleka sukari ya damu mahali pake, kwa hiyo waliishi kwa kujichoma kila siku. Friji vijijini hakuna. Nikawafundisha kutia chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga wenye maji, dawa ikakaa humo kwa ubaridi wake. Na maji yenyewe Newala mnajua yanavyopatikana kwa taabu! Lakini mchanga ule haukuachwa ukauke.

Nikaweka na sheria yangu: hakuna kupewa dawa bila kuja na somo. Kwetu mwali haingii unyagoni bila somo, mtu mzima wa kumwongoza. Nikasema na kisukari ni hivyohivyo. Mgonjwa aje na mtu wake ajifunze kupima sukari, kuchoma, na kumtambua mwenzake anapozidiwa. Wapo walioninung'unikia. Niliwaacha wanung'unike.

Ndipo nilipompata Zainabu, binti wa Chilangala. Alikuja kwangu mtoto wa shule, akakua mikononi mwangu, akawa mwalimu, akaolewa. Mimba yake ya kwanza ikatoka. Sukari yake ilikuwa ikipanda sana alfajiri, na sindano, tuzipange tutakavyo, hazikuiwahi. Uchungu wa kuipoteza mimba ile uliniingia na mimi, sitaficha. Akaniambia, "Bibi, sirudii tena kubeba mpaka sukari hii itulie."

Daktari wa kliniki akatuletea habari: hospitali kubwa ya Dar es Salaam imekubali kumpa pampu ya insulini, na vifaa vyake atakuwa akiletewa. Ni mashine ndogo kama simu ya kitochi. Inavaliwa, mrija mwembamba unaingia chini ya ngozi ya tumbo, na dawa inapita kidogo kidogo mchana na usiku. Alfajiri inaweza kupangwa iongeze yenyewe. Mrija ukiziba, inalia. Zainabu akafurahi mpaka akapiga makofi.

"Utaivaa wapi?" nikamuuliza.

"Kiunoni, Bibi, ndani ya kitenge. Nani atajua?"

Hapo nikawaka. Kwetu kilichoko kiunoni kwa mwanamke ni siri yake na mumewe. Makungwi ndivyo wanavyofundisha. Shanga haziulizwi, wala mtu hachungulii. Sasa mashine ikikaa humo, nani atathubutu kuuliza?

"Hizo si shanga, mwanangu," nikamwambia. "Dawa ya ile sindano yako ya usiku inakaa mwilini siku nzima. Pampu haina akiba hiyo. Mrija ukiziba, saa chache tu huna dawa. Utatapika, utahema kwa nguvu, na ukiwa umebeba, wenzako watasema ni mimba hiyo, mwacheni apumzike. Utakufa wanakutazama! Ukitaka kuificha, usiivae. Baki na sindano, hazina aibu."

"Unataka nitembee nikionyesha watu kiuno?"

"Nataka uishi."

Akaondoka amenuna, hata kwaheri hakuniaga. Daktari akanitazama. "Sista, umemfukuza mgonjwa."

"Atarudi," nikasema. "Amekwenda kutafuta somo."

Akarudi kweli, amefuatana na mama mkwe wake, Bi Asumini. Mama yule hakuwa na salamu ndefu. Shikamoo zetu alizipokea amekwisha kaa. "Hicho kitu kinaliaje?" akauliza. Daktari akakitoa kile kilicholetwa kutoka Dar es Salaam, akakiliza. "Na kikilia tunafanya nini?"

Tukamfundisha: pima sukari, mchome kwa sindano ya kwenye chungu, kisha badilisheni mrija. Maana sindano haziachwi hata ukiwa na pampu. Alirudia mpaka mkono ukatulia vile alivyotaka Metroni wangu. Kisha akamgeukia mkwewe. "Mimi niko tayari. Wewe je?" Zainabu akasema ataivaa, na ataivaa nje ya kitenge.

Nilikuwa nimeshastaafu msimu wa korosho ulipofika. Zainabu alikuwa na mimba tena. Siku moja, walivyonisimulia, wako shambani Chilangala na wanawake wenzao, wanaokota korosho, mashine ikaanza kulia. Bi Asumini akapaza sauti shamba zima, "Jamani, kiuno cha mwalimu kinalia!" Lo! Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini walikuwa wamekwisha ambiwa wote maana yake. Mmoja akakimbilia chungu kilichowekwa kivulini, Bi Asumini akapima, akachoma, mrija ukabadilishwa. Jioni sukari ilikuwa imeshuka.

Watu huniuliza kipi bora, pampu au sindano. Kwa Zainabu pampu ilifaa. Kuna mwingine nitamwambia abaki na sindano zake, alale usingizi. Mimi swali langu ni lilelile la zamani: somo wako nani?

Juzi walikuja kwangu Masasi, nilikorudi baada ya kustaafu, kunijulia hali. Zainabu amembeba mtoto, mashine inaning'inia nje ya kitenge mchana kweupe. Mtoto akaudaka mrija, akauvuta. Bi Asumini akamfumbua vidole taratibu.

"Acha, huo wa mama yako," akamwambia. "Ukikua nitakufundisha."