Mama Nyonga na Shingo Isiyotulia

Wagonjwa ndio waliompa jina la Mama Nyonga, na halikuwa tusi. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali kubwa ya mji, na kila aliyeingia chumbani mwake akilalamikia goti, mgongo au kisigino, alimlaza kitandani na kuanza kumshika nyonga. "Tuanzie hapa," alikuwa akisema, "huko kwingine ni wapiga kelele tu." Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, vyenye joto, na sauti iliyozoea kuwahesabia watu wasiotaka kuhesabiwa.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini, baada ya duka la dawa na kabla ya mochwari. Wagonjwa walipenda kuutania mpangilio huo, yeye hakuupenda. Ndani kulikuwa na vitanda viwili, mikeka ya sponji, ngazi ya mbao isiyokwenda popote, baiskeli isiyokwenda popote vilevile, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Kila mgonjwa aliondoka na karatasi ya mazoezi ya kufanya nyumbani, yenye vijitu vya mistari alivyovichora Mama Nyonga mwenyewe na ambavyo vilikuwa vimetolewa kopi mpaka miguu ikafifia. Fundi saa mmoja alijitesa muda mrefu akijaribu kulala juu ya kiti na kuning'iniza kichwa, kumbe karatasi aliishika juu chini.

Mkurugenzi wa hospitali alipopata habari za fundi saa, alifurahi. Alikuwa daktari wa upasuaji ambaye hakuwa ameshika kisu tangu apewe gari la ofisi, na siku hizo alikuwa akitafuta jambo la kisasa la kuwaambia waandishi wa habari. Akamwita Mama Nyonga, akamkabidhi kompyuta mpya yenye programu ya kupanga mikao ya sanamu za watu na kuzitembeza kama sinema. Karatasi zimekwisha, alimwambia. Sasa skrini kubwa itatundikwa ukutani, na sanamu itawaonyesha wagonjwa mazoezi. Alipouliza nani atamfundisha kuitumia, aliambiwa kwamba programu yenyewe inafundisha.

Alipoifungua, alikutana na kijana mmoja wa kijivu aliyesimama ametanua mikono kama mtu anayepimwa suti. Alikuwa na mabega ya mbeba magunia, kiuno cha nyigu na kifua kilichotangulia mwili mzima. Wauguzi walipochungulia walimbatiza jina pale pale: Kifua. Programu ilikuwa na sanamu nyingine pia, wazee kwa vijana, wanene kwa wembamba, lakini hizo zilikuwa za kununua, na Mkurugenzi alisema huyu anatosha kwa kuwa ana afya njema.

Haki ya Kifua lazima isemwe. Ungeweza kumzungusha ukamwona mgongoni, ukamwangalia kutoka juu kama ndege, ukamvua nyama zote akabaki mifupa, na asikasirike. Angeshika mkao mmoja tangu asubuhi mpaka ofisi ifungwe bila kuomba maji. Na kulikuwa na jambo moja lililomfanya Mama Nyonga aisamehe programu hiyo mengi: ukimpa mkao wa mwanzo na mkao wa mwisho, yeye mwenyewe alijaza njia ya katikati. Siku Kifua alipoinua goti kwa mara ya kwanza, taratibu, akalishusha, Mama Nyonga alisogeza kiti nyuma akakaa na mikono mapajani kama mzazi kwenye mahafali.

Tabu ilikuwa kwamba alijaza njia ya katikati anavyotaka yeye. Ukimvuta mkono, bega lilifuata bila kuitwa, uti wa mgongo ukafuata bega, na mwisho jamaa alining'inia kama koti msumarini. Akitembea, nyayo ziliteleza kama aliyemwagiwa sabuni. Ukimkalisha, ama alielea juu ya kiti ama alizama ndani yake mpaka mbavuni. Ukimwambia aweke kiganja juu ya paja, kiganja kilipita ndani ya paja na kutokea upande wa pili. Na programu yenyewe ilikuwa na tabia ya kujifunga bila kuaga, ikaondoka na kazi yote ya siku. Mama Nyonga, ambaye hakuwahi kumfokea mgonjwa, alianza kuzungumza na skrini kwa maneno ambayo wauguzi waliyafungia mlango.

Nyumbani aliyepata taabu ni mumewe. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mrefu, mtaratibu, aliyezoea kukaa kimya huku wanafunzi wake wakielekea ukutani. Mkewe alimlaza sebuleni akamwambia ainuke, alale tena, ainuke tena, polepole, naye akiwa amechuchumaa pembeni akimwangalia kiwiko kinavyobeba uzito. Mama mkwe, aliyeishi nao, aliangalia mambo hayo kutoka kwenye kochi kwa siku kadhaa, kisha akamuuliza mwanawe faraghani kama wamegombana.

Hata hivyo kazi ilisogea, mpaka kamati ilipokuja kuikagua. Daktari mmoja alitaka sanamu awe mwanamke, kwa sababu wagonjwa wengi ni wanawake. Mwingine alitaka awe mzee. Wa tatu alipendekeza asiwe mwanamume wala mwanamke, ila hakuweza kueleza angekuwaje. Baada ya chai walikubaliana kwamba Kifua abaki vilevile lakini awe na mvi. Kisha mwenyekiti wa bodi akasema mtu anayeiwakilisha hospitali hawezi kukaa kifua wazi. Avalishwe shati, na tai.

Shati lilimkaa Kifua vizuri alipokuwa amesimama. Alipoinama, yeye aliinama na shati likabaki limesimama. Tai ilikuwa mbaya zaidi: kila akigusa vidole vya miguu, ilimwingia tumboni na kuchomoza mgongoni. Mama Nyonga aliipigania tai hiyo kuliko alivyowahi kumpigania mgonjwa wa kiharusi, na mwisho akaibandika kifuani kama stempu.

Alipomaliza tai ndipo alipoiona shingo. Mwisho wa kila zoezi, kabla ya kurudi kwenye mkao wa kupumzika, Kifua alikurupusha kidevu juu, kichwa kikaruka kushoto, kikarudi. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Alichunguza kila mkao aliouweka, akakuta shingo imenyooka kote. Kasoro ilikuwa katikati, kule kulikojazwa na programu, na kwa kuwa mazoezi yote aliyatengeneza kwa kunakili la kwanza, yote yalikuwa nayo. Alikwenda kwa Mkurugenzi kuomba muda. Mkurugenzi aliitazama filamu, akasema yeye haoni kitu, na kwamba waandishi wa habari wameshaalikwa.

Basi skrini ikazinduliwa, utepe ukakatwa, na Kifua akaanza kazi.

Kwa kweli alifanya kazi nzuri. Watu walioona haya kuonyeshwa mazoezi mbele ya wenzao walimtazama yeye na kumfuata. Fundi saa aliweza kuona zoezi lake kutoka mgongoni akaelewa kosa lake. Mama Nyonga alianza kujipongeza kimoyomoyo. Kisha asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni na faili mkononi, aliona safu nzima ya wagonjwa wakimaliza zoezi la bega: mshona nguo, fundi saa, dereva wa lori, mwalimu mstaafu na mama mmoja wa makamo mwenye mguu wa plasta. Wote kwa pamoja walikurupusha kidevu, wakarusha kichwa kushoto, wakarudi.

Aliwaeleza kwa upole kwamba hiyo ya shingo haimo. Walimsikiliza kwa heshima, wakaendelea nayo. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa na bega lililoganda tangu aache kuandika ubaoni, alimvuta pembeni.

"Daktari, hayo mengine mimi nayafanya kwa kukuridhisha wewe. Hiyo ya shingo ndiyo inayonifungua."

"Mwalimu, ni kosa la kompyuta."

"Inawezekana," alisema mzee. "Mbona linasaidia?"

Mama Nyonga alirudi kwenye kompyuta yake, na kwa majuma yaliyofuata akalisaka kosa lile zoezi baada ya zoezi mpaka akaling'oa. Filamu mpya ilikuwa safi. Kifua alimaliza mazoezi ametulia kama mtu aliyekwisha kusali.

Malalamiko yalianza siku hiyohiyo. Mshona nguo alisema filamu imekatwa. Dereva wa lori alisema zoezi sasa linaishia hewani, ni kama kupiga chafya isiyotoka. Haikupita muda, maneno yakazagaa hospitali nzima kwamba ile ya shingo imehamishiwa wodi ya kulipia, na kwamba wakubwa wanapewa zoezi kamili huku watu wa kawaida wakipewa nusu. Ujumbe wa wagonjwa ukapanda ghorofani, wengine kwa magongo, kumwona Mkurugenzi. Mkurugenzi hakuogopa kitu duniani kama watu wenye magongo karibu na waandishi wa habari. Alimwita Mama Nyonga kabla viti havijapoa.

"Mkurugenzi, ile ya shingo si zoezi," alisema Mama Nyonga. "Ni kasoro. Nilikuja kukueleza kabla ya uzinduzi."

Mkurugenzi alivua miwani. "Imemuumiza mtu?"

"Hapana."

"Kuna ushahidi kwamba haisaidii?"

"Hakuna. Nani angekifanyia utafiti kitu ambacho hakuna aliyekikusudia?"

"Basi, mama, usiwe mtu wa kuyapinga mafanikio ya hospitali yako. Irudishe."

Aliikuta imeshapewa jina. Kwenye taarifa iliyobandikwa getini iliitwa Mkunjuo wa Hitimisho, na ilisemekana ni matokeo ya uzoefu wa muda mrefu wa wataalamu wetu.

Mama Nyonga alijikaza akaenda kuirudisha, na hapo ndipo alipotamani kulia. Wakati yeye akiwa ghorofani, programu ilikuwa imejisasisha yenyewe. Alipofungua filamu ya zamani, aliyoihifadhi pembeni, Kifua alimaliza zoezi akiwa ametulia tuli. Watengenezaji walikuwa wamerekebisha namna ya kujaza njia za katikati. Kasoro aliyohangaika kuiondoa kwa majuma sasa haikuwepo hata pale alipoihitaji, na ilimbidi aitengeneze kwa mkono.

Hakuna kazi iliyowahi kumshinda kama hiyo. Kwanza Kifua alionekana kama anayefukuza nzi. Kisha kama aliyeitwa jina na mtu anayemdai. Aliwaonyesha wagonjwa, walijaribu kidogo, wakatikisa vichwa, wakasema siyo yenyewe. Mwalimu mstaafu alimwambia kwa huruma kwamba hii ya sasa ina juhudi nyingi mno.

Jioni aliketi mezani bila kula. Mumewe alimuuliza kulikoni, naye akamweleza, na kwa mara ya kwanza alisema kwamba anafikiria kuacha kazi. Mume alifikiria kidogo, kisha akageuza kichwa kushoto, kidevu juu, haraka, akarudi mbele.

Mkewe alimtazama. "Umefanya nini hapo?"

"Nimeangalia kama kuna pikipiki," alisema mumewe. "Ndicho ninachowafundisha watu mchana kutwa. Kabla hujaingia barabarani, angalia pembeni. Ukifikiria sana, unachelewa."

Mkewe alimfanyisha hivyo mpaka chakula kikapoa. Mama mkwe alibeba sahani yake akaenda kula jikoni. Kesho yake Mama Nyonga aliihamishia shingo ya mumewe kwa Kifua, mkao kwa mkao, na wagonjwa walipoiona walishusha pumzi. Mshona nguo alisema sasa wamerudishiwa haki yao. Tangu siku hiyo, katika mji ule, watu wenye mabega mabovu humaliza mazoezi yao kwa kuangalia kama kuna pikipiki.

Mkurugenzi aliupeleka Mkunjuo wa Hitimisho kwenye mikutano kadhaa, na baadaye akapata cheo makao makuu. Mama Nyonga alipandishwa pia, akawa mkuu wa kitengo kipya chenye yeye peke yake. Alipima mabega ya wagonjwa wake, kabla na baada, akitaka kujua ukweli. Baadhi yalikuwa yamefunguka, mengine hayakufunguka, na hakuweza kutenganisha kilicholetwa na zoezi, na shingo, na siku kupita. Aliandika hivyo hivyo katika ripoti yake. Hakuna aliyemjibu.

Siku hizi anatengeneza filamu ya wajawazito, jinsi ya kuinuka kitandani bila kuumiza mgongo. Hospitali hatimaye ilikubali kununua sanamu ya mwanamke, ingawa tumbo lilibidi alitengeneze yeye, na tumbo hilo bado hupenda kubaki kitandani wakati mwenyewe ameshainuka. Mwezi uliopita alimwomba jirani yake, mkutubi aliyekuwa karibu kujifungua, alale kitandani kwake na kuinuka kama kawaida yake. Mkutubi aligeukia ubavu, akashusha miguu, akasukuma kwa kiwiko. Kabla ya kusimama alikaa kidogo ukingoni, kiganja juu ya goti, akavuta pumzi ndefu na kuitoa.

Mama Nyonga alimwomba arudie, akachora kwenye karatasi. Kazini aliitafuta hiyo pumzi katika programu nzima, kwenye vishikio vyote vya kuvutia viungo vya sanamu, na hapakuwa na mahali pa kuiweka. Akainua mabega ya sanamu kidogo sana, akayashusha. Kisha akamwacha akae pale ukingoni kwa muda kabla ya kusimama, ingawa kamati ilikuwa imeshamwambia kwamba filamu ni ndefu.