Tanki la soude nililoliombea juu ya vichwa vya wafanyakazi wangu, Butembo

Wakuu, amani ya Bwana iwe kwenu.

Mimi ni mzee, katekista kwa miaka mingi, na nina kiwanda kidogo cha sabuni hapa Butembo. Haya ninayoandika nimeyaungama kwa padri kwanza, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Sabuni yetu ni mawese na soude, dawa kali inayochoma ngozi mara moja.

Soude inatoka Uganda kwa lori. Barabara ya Kasindi mnaijua: leo iko wazi, kesho kumechafuka. Nikaona busara ni kuweka akiba. Nikanunua tanki kubwa, nikalipandisha juu ya mbao mle ndani, ili soude iliyochanganywa na maji ishuke yenyewe. Courant, yaani umeme wa pampu, tunaipata siku moja, siku mbili hatuna.

Siku ya kulizindua tuliimba, padri akanyunyiza maji ya baraka. Kila asubuhi niliongoza sala chini yake. Mama Masika, anayepika sabuni, alinitania:

"Papa, ile tanki unaisalimia kuliko bibi yako!"

Siku moja Katungu, mwalimu wa kemia, alikuja kununua sabuni ya shule. Akatazama juu.

"Papa, sababu gani munatundika soude yote hii juu ya batu?"

"Binti yangu, bako na gants mu mikono, bako na miwani. Na tuliiombea."

"Mais Papa, miwani mutu anaweza kuitosha ku macho. Muishushe. Mutengeneze ya siku moja tu, chini, mu ndoo."

Nilimshukuru kwa adabu. Sikufanya kitu.

Wiki chache baadaye lori lilichelewa sana. Lilipofika, tukachanganya mifuko mingi ya soude tankini kwa mara moja ili tufidie siku zilizopotea. Soude ikikutana na maji inapata moto yenyewe. Bomba la plastiki chini ya tanki likalainika, likapasuka.

Mama Masika alikuwa chini yake, amepandisha miwani kwenye paji la uso kwa sababu ya mvuke. Soude ikamwagikia usoni, ikamwingia machoni.

Courant haikuwepo, pampu haikutoa maji. Tukammwagia ya bidon, madumu machache yaliyokuwapo. Sauti yake naisikia bado: "Papa, ongeza maji. Ongeza." Bidon ya tatu ikaisha.

Jicho la kuume limekufa. La kushoto linaona mwanga na vivuli. Namshukuru Mungu kwamba yu hai, lakini shukrani hiyo naitoa nimeinamisha kichwa.

Wakuu, nilimwachia Mungu kazi aliyonipa mimi. Miwani inamtaka mtu asichoke, asisahau, asione joto. Katungu alitaka hatari yenyewe iwe ndogo tangu kiwanda kinapopangwa.

Tanki tumelikata. Mifuko mikavu inakaa nyumba ya pembeni. Tunachanganya ndoo moja moja sakafuni, tunaiacha ipoe. Barabara ikifungwa, tunafunga kazi. Wafanyakazi wananung'unika, na wana haki.

Nilimwomba Mama Masika arudi, auze sabuni mlangoni. Akauliza kwanza:

"Papa, kule juu kuko nini sasa?"

"Mabati tu."

Akamwambia binti yake amwingize ndani, amsimamishe palepale chini ya lilipokuwa tanki. Akanyoosha mkono, akapapasa hewa kwa muda mrefu.

"Bon," akasema. "Nitakuja siku ya lundi."

Ninyi wenye viwanda vidogo Beni, Oicha na Musienene, mmeweka nini juu ya watu wenu, na kwa nini? Niandikieni hapa chini. Hata wa kunilaumu, nitamsoma.